Kuipima Transista kwa Mita na Kulielewa Jibu Lake

Redio ya mezani, amplifaya ya harusini na televisheni ya zamani yenye kioo kinene zina kiungo kimoja kinachozifanya ndugu, nacho ni transista. Ni kidude cha miguu mitatu, mara nyingi kisichozidi punje ya hindi, na ndicho kinachoichukua sauti hafifu iliyonaswa na antena na kuikuza hadi isikike chumba kizima. Kikiharibika, chombo hunyamaza, huguna, au hutoa sauti iliyosongwa kama ya mtu mwenye mafua.

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya barazani na ufundi wa mikono ni riziki ya nyumba nyingi, vyombo vya namna hiyo hupelekwa kwa fundi, na mwenyewe hungoja hukumu: kinatengenezeka au hakitengenezeki? Mara nyingi hukumu hiyo hutegemea namba moja inayoonekana kwenye kioo cha mita. Fundi akiisoma vibaya namba hiyo, hutupa kifaa kizima na kumtoza mwenye redio fedha za kingine. Ama hukirudisha kibovu mahali pake, na baada ya siku chache chombo kimekufa tena pamoja na viungo jirani.

Hasara hiyo si ndogo. Burundi haina bandari ya bahari, na bidhaa nyingi za ng'ambo huifikia kwa kupitia Dar es Salaam, nyingine kwa malori na nyingine kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli katika Ziwa Tanganyika. Isitoshe, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara waliokuwa pamoja wakatawanyika katika masoko mengine ya mji. Kwa hiyo transista inayochomolewa katika chombo kikuukuu ina thamani yake, mradi fundi ajue kuipima na kulielewa jibu.

KINACHOPIMWA NI NINI

Transista ya kawaida ina miguu inayoitwa besi, kolekta na emita. Katika tambarare ya Imbo, kaskazini ya Bujumbura, mkulima wa mpunga huinua kilango cha mfereji kwa mkono mmoja, na maji mengi yakapita kwenda shambani. Nguvu ya mkono ni ndogo, maji yanayoamriwa ni mengi. Ndivyo ilivyo transista: mkondo mdogo unaoingia katika besi huamuru mkondo mkubwa upite kati ya kolekta na emita.

Kiwango cha ukuzaji ni hesabu ya mara ngapi mkondo wa kolekta umezidi ule wa besi. Ikiwa besi inapokea mikroampia 10, na kolekta inapitisha miliampia 2.5, yaani mikroampia 2,500, basi ukuzaji ni 250. Kwenye mita, mahali pa kipimo hiki huandikwa herufi hFE.

Kifaa hiki kilianza kufanya kazi mwezi Desemba 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain. Wao pamoja na William Shockley walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka mwaka 1954, na tangu hapo redio ikaacha kuwa kabati la sebuleni, ikawa kitu cha kubebwa mkononi hadi shambani.

KABLA YA KUPIMA

Jambo la kwanza ni usalama wa fundi mwenyewe. Umeme wa majumbani wa REGIDESO ni wa volti 220, na ukishageuzwa ndani ya televisheni huweza kuwekwa katika kapasita kwa volti zipatazo 310. Kapasita hiyo hubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Yampasa fundi achomoe waya, kisha aiondolee kapasita umeme kwa kuunganisha miguu yake kupitia rezista, na kuhakikisha kwa mita kwamba volti zimekwisha. Kuunganisha miguu hiyo kwa bisibisi tupu huleta cheche, huharibu kapasita, na pengine humjeruhi fundi.

Jambo la pili ni kuitoa transista katika ubao wake. Ikiwa bado imelehemiwa, mkondo wa mita hupita pia katika rezista na koili za jirani, na jibu linalopatikana ni la ubao mzima. Wakati wa kuichomoa, ncha ya pasi ya kulehemu isikae juu ya mguu mmoja kwa muda mrefu, maana joto likizidi linaweza kuua kile kinachotaka kupimwa.

Jambo la tatu ni betri ya mita yenyewe. Betri iliyochoka hutoa namba za uongo. Fundi mwangalifu huweka kando transista moja mpya anayoijua namba yake, na kila asubuhi huipima hiyo kwanza. Namba ikibadilika sana, kasoro huenda iko katika mita.

KUITAMBUA MIGUU

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu transista zenye umbo moja hazina mpangilio mmoja wa miguu. Mtu akiielekeza kwake sura bapa, miguu ikiwa chini, BC547 kutoka kushoto kwenda kulia ina kolekta, besi na emita. C1815 ina emita, kolekta na besi. S8050 ina emita, besi na kolekta. Zote tatu ni vipande vyeusi vya plastiki vinavyofanana kama pacha.

Palipo na shaka, mita iwekwe mahali pa kupimia dayodi. Transista huonekana kwa mita kama dayodi mbili zinazokutana katika besi. Katika aina ya NPN, waya mwekundu ukiwekwa kwenye besi, waya mweusi ukagusa miguu mingine kwa zamu, mita itaonyesha volti 0.6 hadi 0.7 mara zote mbili. Nyingine huandika 600 hadi 700, yaani kwa milivolti. Katika aina ya PNP ni waya mweusi ndio unaokaa kwenye besi. Transista za kale za jemaniamu huonyesha namba ndogo zaidi, kama volti 0.2 au 0.3.

Besi ikishapatikana, zilinganishwe zile namba mbili. Mguu uliotoa namba kubwa kidogo, mathalani 672 dhidi ya 665, kwa kawaida ndio emita. Tofauti ni ndogo, lakini hurudia kila mara. Ikiwa mita inaonyesha sifuri kati ya kolekta na emita pande zote mbili, hakuna haja ya kuendelea, maana transista hiyo imeungua na kushikana ndani.

Ionyo moja kwa wanaotumia mita za mshale: katika nyingi ya mita hizo, mahali pa omu, waya mweusi ndio unaotoa umeme chanya. Asiyelijua hilo ataiita NPN kuwa PNP.

KUPIMA KWENYEWE

Mita ndogo za namba zinazopatikana kwa wingi zina tundu la duara lenye vishimo vilivyogawanyika makundi mawili, NPN na PNP, vyenye herufi E, B na C. Kitufe huzungushwa hadi hFE, miguu huingizwa katika vishimo vyake, na namba husomwa. Vishimo vikiwa na vumbi, au miguu ikiwa na mabaki ya lehemu, namba itacheza. Miguu isafishwe kwanza.

Ndani ya mita ya aina hiyo, besi hupewa mkondo wa mikroampia 10 hivi, na kati ya kolekta na emita huwekwa volti zipatazo 3. Namba hizo mbili ni muhimu sana, kwa kuwa jibu lote ni la hali hiyo tu, nayo ni hali ya mkondo mdogo mno.

Ikiwa kolekta na emita zimebadilishana nafasi, transista bado huonyesha kitu, lakini namba huwa ndogo sana. Kwa hiyo inayosoma 8 isitupwe kabla ya kugeuzwa. Ikigeuzwa na kusoma 240, kosa lilikuwa la mkono wa mpimaji.

KULISOMA JIBU

Namba ya mita haina maana mpaka ilinganishwe na kile alichoahidi mtengenezaji. BC547 hugawanywa kwa herufi: A ni kati ya 110 na 220, B kati ya 200 na 450, na C kati ya 420 na 800. C1815 nayo ina makundi yake: O ni 70 hadi 140, Y ni 120 hadi 240, GR ni 200 hadi 400, na BL ni 350 hadi 700. Kwa hiyo 130 ni jibu zuri kwa C1815 ya kundi Y, na ni jibu la kutiliwa shaka kwa BC547B.

Transista ndogo zinaweza kupimwa hivi kwa imani, kwa sababu BC547B yenye ukuzaji wa 290 hupitisha katika mita miliampia 2.9 hivi, na mtengenezaji naye huipima kwa miliampia 2. Hali hizo mbili zinakaribiana.

Tuseme BC547B imesoma 60, na miguu yake imehakikishwa. Huenda ilipata umeme wa kinyume kati ya emita na besi. Kiungo hicho hakistahimili zaidi ya volti 6 za kinyume, na kikipitishwa mpaka huo ukuzaji hushuka bila transista kufa kabisa. Redio isiyo na dayodi ya kinga inaweza kupatwa na jambo hilo pale betri zinapotiwa kichwa chini. Transista kama hiyo itafanya kazi leo kwa sauti ya chini na kelele, isirudishwe.

Wako wanaodhani kwamba namba kubwa zaidi ni bora zaidi. Dhana hiyo haina msingi. Mchoro uliotungwa vizuri una rezista zinazoituliza transista, hivi kwamba iliyo na 220 na iliyo na 400 hutoa sauti karibu ile ile. Kinachohitajika zaidi ni ulinganifu pale transista mbili zinapofanya kazi kwa jozi, kama katika hatua ya mwisho ya amplifaya nyingi. Moja ikiwa na 120 na mwenzake 310, moja hubeba mzigo wa mwingine, na sauti huharibika. Katika jozi kama hiyo, fundi atafute mbili ambazo namba zake hazipishani zaidi ya sehemu moja ya kumi.

NAMBA INAPODANGANYA

Mtihani mkubwa ni transista za nguvu. 2N3055, ile ya kasha la chuma inayojulikana na mafundi wa amplifaya, imeahidiwa ukuzaji wa 20 hadi 70 inapopitisha ampia 4. Mita inapoipa besi mikroampia 10, transista yenye ukuzaji wa 50 hupitisha nusu ya miliampia tu. Ampia 4 ni mara 8,000 ya kiasi hicho. Kumhukumu mchukuzi wa magunia kwa kumpa abebe punje moja ya mchele ni hukumu ya namna hiyo hiyo. Mita inaweza kusema kwamba 2N3055 ni hai. Haiwezi kusema kwamba itastahimili harusi ya usiku kucha. Wala haiwezi kumfichua mghushi, maana katika biashara ya dunia zipo 2N3055 za bandia zenye kipande kidogo ndani ya kasha kubwa, na kwa mkondo mdogo hujibu vizuri kabisa.

Zipo pia transista nzima zinazoonekana mfu. TIP122 ina transista mbili ndani ya mwili mmoja, moja ikiisukuma nyingine, na ukuzaji wake huzidi 1,000. Ndani yake mna rezista zilizofichwa kati ya besi na emita. Mikroampia 10 za mita humezwa na rezista hizo kabla ya kuiamsha transista, na namba huwa sifuri au karibu nayo. Katika televisheni za kioo kinene, baadhi ya transista zinazoendesha mwale kwa ulalo zina rezista ya makumi machache ya omu kati ya besi na emita; mita huiona kama waya uliogusana. Fundi asiyejua hutupa zote mbili. Nazo transista za aina ya mosifeti, zilizomo katika vyombo vingi vya umeme wa jua, hazipimwi kwa tundu hili hata kidogo, kwa kuwa huamriwa kwa volti na si kwa mkondo wa besi.

Kinyume chake, zipo mbovu zinazoonekana hodari. Transista za kale za jemaniamu, kama OC71 na AC128 zilizomo katika redio za miaka ya 1960, huvujisha mkondo hata besi ikiwa haina kitu. Mita huuhesabu mvujo huo kama ukuzaji. Dawa yake ni kupima mara mbili: kwanza miguu yote ikiwa ndani, kisha mguu wa besi ukiwa nje. Ikisoma 140 mara ya kwanza na 60 mara ya pili, ukuzaji wa kweli ni 80. Transista ya silikoni, besi ikiwa nje, yapasa isome sifuri. Ikisoma zaidi, inavuja na haifai.

Joto nalo lina sauti yake. Watengenezaji hupima kwa nyuzi 25, na mchana wa Bujumbura, kando ya ziwa, mara nyingi huzidi hapo. Ukuzaji wa silikoni hupanda kwa nusu hadi sehemu moja ya mia kwa kila nyuzi moja. Transista iliyotoka kuchomolewa kwa pasi ya moto, au iliyoshikwa kwa vidole, itasoma juu. Iachwe ipoe mezani, kisha isomwe.

KIPIMO CHA KUJITENGENEZEA

Mwenye mita isiyo na tundu la hFE hajanyimwa njia. Huhitaji volti 9, na betri sita za tochi, zile ambazo wengi huziita mawe, zikifuatana zinatosha. Kwa transista ndogo ya NPN, upande hasi wa betri huungwa na emita. Kutoka upande chanya, rezista ya kilo-omu 820 huenda kwenye besi, nayo hupitisha mikroampia 10. Kutoka upande chanya huo huo, rezista ya kilo-omu 1 huenda kwenye waya mwekundu wa mita, na waya mweusi hugusa kolekta. Mita iwe mahali pa miliampia 20. Kila miliampia moja ni ukuzaji wa 100; ikisoma 2.4, jibu ni 240. Kwa PNP, pande za betri na nyaya za mita hugeuzwa.

Kwa transista ya nguvu, rezista ya besi iwe ya kilo-omu 8.2, ambayo hupitisha miliampia 1. Ile ya kolekta iwe ya omu 47, ya wati 2. Na mita iwe mahali pa miliampia 200. Hapo kila miliampia moja inayosomwa ni ukuzaji wa 1, na 2N3055 ikisoma 45 ina ukuzaji wa 45. Bado ni mkondo mdogo kuliko ule wa kazini, lakini ni mara mia ya ule wa tundu la mita, na jibu lake lina uzito zaidi. Ile rezista ya omu 47 isiachwe, maana ndiyo inayoiokoa fyuzi ya mita pale transista inapokuwa imeshikana ndani. Kipimo kisizidi sekunde chache.

DAFTARI LA FUNDI

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na maneno hayo yanafaa katika kibanda cha fundi kama yanavyofaa dukani. Kila transista inayopimwa iandikwe: jina lake, chombo ilikotoka, namba ya mita, namba ya mvujo, na kama ilipimwa kwa tundu au kwa betri. Iliyorudishwa kazini iandikwe pia tarehe. Baada ya miezi sita, daftari hilo litamwambia fundi ni namba zipi zilizodumu na zipi zilizorudi na lawama, jambo ambalo hakuna karatasi ya mtengenezaji iwezayo kumwambia.

Daftari lina faida nyingine kwa mwenye chombo. Mama aliyeleta redio yake, ambayo humletea habari za taifa kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, hana njia ya kujua kama transista iliyotolewa ilikuwa mbovu kweli. Akionyeshwa namba ya ile ya zamani na ya ile mpya, zimeandikwa kando kando, na ile ya zamani akakabidhiwa mkononi, atalipa akijua analipia nini.